Mungu wa Mvinyo katika Umbo la Mzee wa Kiislamu: Jina la Baco na Wasomaji wa Pwani ya Cabo Delgado

Makala hii inahakiki matumizi ya jina la Baco katika utenzi wa Kireno *Os Lusíadas* (1572) wa Luís de Camões, kwa kuwazingatia wasomaji wa Kimwani na Kiswahili wa Palma, Mocímboa da Praia na Ibo, ambao shuleni hukutana na Kireno kama lugha rasmi.

Baco ni Bakkhos wa Wayunani, jina jingine la Dionysos, mungu wa mvinyo na wa kupagawa. Jina Dionysos ni kongwe: limo katika vibao vya udongo vya Pylos, vya karne ya 13 kabla ya Kristo. Visasili vinamsifu kwa kuishinda India. Aidha, mapokeo ya Kirumi yanamtaja Lusus, mwana au mwandani wake, kuwa asili ya jina Lusitania. Na *Lusíadas* maana yake ni wazao wa Lusus. Camões basi anamfanya adui wa Wareno yule yule anayehusishwa na chimbuko la jina lao, kwa hoja kwamba anachelea kupokonywa sifa yake ya India.

Katika wimbo wa kwanza, Baco anajigeuza mzee wa Kiislamu mwenye hekima, kipenzi cha shehe wa Kisiwa cha Msumbiji, na kumwonya kwamba wageni hawa ni wanyang'anyi wajao kwa kisingizio cha amani. Kinaya ni dhahiri: mungu wa mvinyo anavaa umbo la mzee ambaye dini yake imeharamisha mvinyo. Athari yake ni nzito zaidi. Camões anaigusia chuki ya dini, ila shauri lenyewe analiweka kinywani mwa mungu. Hadhari ya wazee waliozijua bandari zao inageuzwa kuwa wivu wa Olympos.

Historia haikumkanusha mzee huyo. Mwaka 1505 Wareno waliziteka na kuzipora Kilwa na Mombasa; mwanzoni mwa miaka ya 1520 ikawa zamu ya Waislamu wa visiwa vya Quirimba. Lile ambalo utenzi unaliita hila, pwani ililiona kwa macho.

Hatupendekezi utenzi huu uondolewe madarasani. Tunapendekeza usomwe pamoja na ufafanuzi wa Kimwani na Kiswahili, lugha ambayo SADC iliipitisha kuwa rasmi mwaka 2019, ili mwanafunzi wa Palma atambue ni sauti ya nani iliyofunikwa na jina la Baco.