"Tindikali" ya Limau

Kipeperushi cha usindikaji wa matunda kilichotufikia kutoka Ifakara chamwagiza msomaji atie "tindikali asilia ya matunda" katika jemu ya maembe. Kwa mizani ya kemia mfasiri hakukosea. Kosa lake liko penginepo, nalo ni zito.

Neno tindikali si la jikoni. Fundi wa magari hulitumia kwa maji ya betri. Na mwaka 2013, magazeti yalipoandika habari za watu waliomwagiwa tindikali Unguja, hakuna msomaji aliyeuliza maana yake. Onyo lililomo katika neno hilo ni mali ya umma. Mwalimu akiwaambia watoto kwamba hata limau lina tindikali, na limau wanalilamba kila siku, ni kitu gani kitakachowazuia kuigusa ile iliyomo chupani?

Mama anunuaye perege au kambale wa mto Kilombero huwakamulia ndimu ili kukata shombo, kwa kuwa asidi hufungamana na viini viletavyo harufu ile. Ndimu hiyohiyo hung'arisha vyombo vya shaba, huondoa ukoko wa chokaa katika birika, na huzuia embe lililokatwa lisigeuke rangi. Sifa hiyo yeye huiita ukali, au uchachu, na huelewana vyema na jirani zake.

Twapendekeza basi asidi liwe jina la jumla, tindikali liachiwe zile ziunguzazo, na kiungo hiki kiitwe asidi sitiriki. "Asidi ya limau" lapendeza masikioni, lakini lapotosha. Ni kweli Scheele aliipata katika maji ya limau mwaka 1784. Bali tangu 1919 viwanda huitengeneza kwa kuchachusha sukari kwa kuvu iitwayo Aspergillus niger. Wakulima wa miwa wa Kidatu wangestaajabu kusikia undugu huo wa sukari na ukali! Kwa hiyo "asilia" nalo halimsaidii mnunuzi wa unga wa dukani, na "ya matunda" ni pana mno: uchachu wa ukwaju watokana hasa na asidi nyingine, tatariki.

Ama kuhusu jemu yenyewe, maji ya ndimu yangetosha. Mfasiri angaliandika hivyo, asingalihitaji istilahi yoyote.