Sahani Zisizopakuliwa

Ziara ya marafiki ya mwisho wa juma katika miji ya Uingereza ina mpangilio wake: mchana maonyesho ya sanaa, usiku meza ya mkahawa wa fahari, na baina ya viwili hivyo hapana mazungumzo. Kazi ya Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1954, iitwayo Swallow Hard: The Lancaster Dinner Service (2007), inauvuruga mpangilio huo.

Himid alichukua vyombo 100 vilivyokwisha kutumika, sahani, majagi na mabakuli ya supu, akavipaka rangi bila kuyafuta kabisa mapambo ya awali. Juu yake zikatokea nyuso za watumishi na watumwa weusi, na mabwana na mabibi wa Kizungu wanaotapika. Lancaster ilikuwa bandari ya biashara ya watumwa. Mwaka 2007 ilitimia miaka 200 tangu Bunge la Uingereza lipitishe sheria ya kuipiga marufuku. Hata hivyo, nguvu ya kazi hii haimo katika kumbukumbu hiyo, wala katika matapishi, ambayo (yafaa kukiri) huchekesha kuliko yanavyochoma. Imo katika zile nyuso tulivu. Zimekaa pale pale ambapo chakula kingepakuliwa. Anayetaka kula hana budi kwanza kuzifunika.

Anayeiita kejeli tu amewatazama wanaotapika peke yao. Aliyezoea sinia, ambapo walaji hutazamana, ataona upesi kwamba hapa anayemtazama ni yule aliyeandaa.