Hongera, Mafundi wa Kisekka

Tangu 2018 Uganda imepiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, kwa hiyo anayetaka Subaru Impreza WRX ya miaka ya tisini hana budi kuitafuta humu humu nchini. Akishaipata, uhai wake uko mikononi mwa mafundi wa Kisekka, soko la spea karibu na Nakivubo jijini Kampala.

Hawa ndio ninaowapongeza. Mnunuzi hutazama rangi na kusikiliza mngurumo. Fundi huchomoa bomba la hewa, akaingiza vidole viwili na kuutikisa mhimili wa turbo. Ukicheza kidogo, sawa. Mapanga yakigusa ukuta, bei ishuke au muondoke. Kisha huchungulia moshi: wa buluu ni oili inayoungua. Injini ile ya silinda 4 zilizolala ubavu huunguza gasketi ikichemka, na plagi zake zimebanana na bodi hadi mkono unachubuka.

Fundi mzuri utamjua kwa anachokukatalia. Kijana anataka turbo kubwa zaidi. Yeye anataja breki, rejeta na hosi zilizokauka. Presha baadaye. (Mteja hununa, bila shaka.)

Impreza ina heshima yake hapa: Charles Muhangi alitwaa nayo ubingwa wa mbio za magari Afrika mwaka 1999. Walioshika spana hawakupewa kombe. Wenzao wa leo wapo, oili hadi viwikoni, na bado wanapokea simu usiku gari likigoma njia ya Masaka.