Makumbusho ya Nairobi: mafuvu yanafundisha, wanyama wamenyamaza

Wandugu, mtu wetu akitoka Nairobi huwa analeta picha za magorofa na bei ya simu. Mimi naleta maoni juu ya makumbusho. Nilipitisha karibu siku nzima katika Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, ile nyumba iliyofunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Coryndon. Kwa ninyi mliosoma biolojia kwenye silabusi za fotokopi tu kama mimi, nasema: nendeni. Ila nendeni na maswali yenu, maana nusu ya nyumba ile inafundisha, na nusu nyingine inaonyesha tu.

Nusu inayofundisha ni ile ya asili ya mwanadamu. Katika oditwari mageuzi yalikuwa orodha ya majina ya Kilatini, unayakariri usiku, unayamwaga kwenye mtihani, yamekwisha. Pale unasimama mbele ya fuvu moja, kisha la pili, kisha la tatu. Unaona paji la uso, unaona taya, unaona nafasi ya ubongo, na jicho lako lenyewe linaanza kulinganisha. Unafika kwa yule Kijana wa Turkana, mifupa ya mtoto aliyekufa karibu miaka milioni 1.5 iliyopita, na unakuta miguu yake ni ya kutembea wima kama yako. Hakuna anayekulazimisha kuamini kitu. Na lile swali letu la kila siku, eti "kama mtu alitoka kwa sokomutu, mbona sokomutu bado wako porini?", linaanza kupoteza nguvu. Mafuvu yale si watu waliopanga mstari mmoja, huyu akimzaa yule. Ni matawi, mengine yalikatika. Sokomutu ni binamu, si babu.

Sehemu hiyo ilitaka kusukumwa nyuma. Mwaka 2006, makumbusho yakiwa yamefungwa kwa ukarabati, viongozi wa makanisa fulani ya Kenya walidai mifupa ile isipewe nafasi ya mbele. Wenye nyumba walikataa, na walipofungua tena 2008 mifupa ikawa mahali pa kuonekana. Sisi wa Bunia, ambako mtu anaweza kuhubiri Jumapili na kufundisha biolojia Jumatatu, tunajua kwamba uamuzi kama ule si mdogo.

Sasa, nani aliyemwona yule kijana wa kwanza? Ni Kamoya Kimeu, Mkenya, mwaka 1984, karibu na mto Nariokotome, siku ambayo wenzake walikuwa wanapumzika. Aliona kipande kidogo cha fuvu, rangi yake karibu sawa na mawe yaliyokizunguka. Kimeu hakusoma chuo kikuu. Alianza mwaka 1960 kama kibarua wa kuchimba kwa akina Leakey, akajifunza mfupa kwa macho na vidole mpaka wenye shahada wakawa wanamngoja yeye aseme. Mwaka 1985 alipewa medali na Rais Reagan kule Washington. Nyani wa zamani sana ameitwa Kamoyapithecus kwa heshima yake. Nje ya makumbusho kuna sanamu ya Louis Leakey, ameketi. Nilitamani Kimeu awe ameketi pembeni yake. Mtoto wa shule anayepita pale angeuliza huyu wa pili ni nani, na jibu lake ni somo zima.

Bon, tuingie kwa wanyama na ndege. Hapa ndipo nilichoka. Ndege ni mamia kwa mamia ndani ya vioo, kazi kubwa ya mikono, siidharau. Lakini unapewa jina, unapewa makao, unasonga. Unapewa jibu ambalo hukuwahi kuuliza swali lake. Kwenye mafuvu niliona watu wakibishana mbele ya kioo. Kwenye ndege niliona watu wakipiga picha. Nadhani tofauti ni hii: mafuvu bado yanaonyesha jinsi tulivyojua, wanyama wanaonyesha tu kwamba tumejua.

Nichukue mnyama wetu kueleza ninachokikosa. Okapi tunamsikia asubuhi kwenye jina la redio, na wengi wetu hatujawahi kumwona. Mwaka 1900 Harry Johnston, mjumbe wa Uingereza kule Uganda, aliingia katika msitu wa upande wetu. Alikuwa anawarudisha nyumbani Wambuti ambao Mjerumani mmoja alitaka kuwapeleka Paris waonyeshwe kwenye maonyesho ya mwaka ule. (Ndiyo, watu waonyeshwe. Ukiwa ndani ya makumbusho yoyote, hilo usilisahau.) Wambuti wakamweleza Johnston juu ya mnyama wa milia. Yeye kichwani akaweka punda. Wakampeleka kwenye nyayo zake: kwato zilizopasuka mbili. Punda ana ukwato mmoja, kwa hiyo Johnston hakuwaamini, akafikiri wanamwonyesha nyayo za mnyama mwingine. Baadaye alipata vipande viwili vya ngozi, askari walikuwa wamevitengeneza mikanda, akavituma London. Huko mtaalamu akampa mnyama jina la ukoo wa farasi: Equus johnstoni. Ngozi nzima na mafuvu yalipofika mwaka 1901, kumbe ni ndugu wa twiga. Wambuti walikuwa sahihi tangu siku ya nyayo.

Hiyo ndiyo mageuzi inayofundishika! Weka mikanda ile miwili, weka unyayo, weka jina la kwanza lililokosewa. Kisha weka shingo ya twiga na shingo ya okapi: moja ndefu, moja fupi, na kila moja ina mifupa saba, kama shingo yako wewe unayesoma. Mtoto atahesabu mwenyewe. Hatasahau.

Tausi wa Kongo naye ana kisa kinachofanana. James Chapin, Mmarekani, alipata unyoya mmoja Ituri mwaka 1913, watu waliupachika kwenye kofia. Hakuweza kuutaja ni wa ndege gani. Miaka 23 baadaye, mwaka 1936, akakuta ndege wawili waliokaushwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, wameandikwa kuwa tausi wachanga wa Asia. Walikuwa wa kwetu. Kibandiko kilikuwa kinadanganya muda wote huo, na kofia ilikuwa inasema ukweli.

Kwa hiyo nikisema wanyama wa Nairobi wamenyamaza, silaumu waliowapanga kuliko ninavyojilaumu sisi. Ituri tuna nini cha kumpeleka mwanafunzi? Epulu ilikuwa mahali pa kumwona okapi akiwa hai. Juni 2012 watu wenye silaha waliishambulia, wakaua watu, wakaua na okapi 14 waliokuwa wanatunzwa pale. Pango la Matupi liko Mlima Hoyo, upande wetu wa kusini. Wachimbaji wa miaka ya 1970 walikuta humo zana ndogo za mawe, nyingine zina zaidi ya miaka 40,000. Nimeuliza kikundi chetu cha WhatsApp, wasomi watupu, wangapi wanajua hilo pango lina nini. Walijibu wawili, na mmoja alikuwa anauliza kama barabara ni salama. Swali lake ni la haki kabisa.

Sitaki kusikia tena ule wimbo wa "serikali itujengee". Chumba kimoja cha shule, fuvu la mbuzi na la mbwa kutoka nyumbani, orodha ya majina ya wanyama kama wazee wa msituni wanavyoyataja na jina la mzee aliyetaja: hicho kinaweza kuanza kabla ya mvua. Wa biolojia na wa historia, mnaotafuta mada ya TFC, iko hapo, wazi.

Kwa anayekwenda Nairobi: Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, kwa hiyo mlangoni ulizeni kwanza kama kuna bei ya watu wa Jumuiya, msilipe ya mgeni wa mbali bila kuuliza. Beba kitambulisho. Anza na mafuvu ukiwa bado na nguvu. Ndege utawaona hata ukiwa umechoka. Na maandishi mengi niliyosoma yalikuwa ya Kiingereza, basi sisi wa Kifaransa tuingie wawili wawili, na rafiki anayeweza kutafsiri.