Noah Iliyotumika: Macho Yaanzie Mlangoni

Muuzaji wa Noah jijini Dar es Salaam hupenda kuanza na herufi. "Hii namba E," atasema, na bei inapanda hapo hapo. Herufi hiyo inaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haisemi lilitoka kiwandani mwaka gani, wala lilifanya kazi gani kabla ya kuoshwa na kupigwa polishi. Kwa anayetafuta gari la familia, swali la kazi ndilo zito kuliko yote. Noah ya mwaka 2008 iliyopeleka watoto shule na nyingine iliyobeba abiria kati ya Arusha na Namanga zinaweza kusoma kilomita zilezile kwenye dashibodi, kwa sababu kilomita hurudishwa nyuma. Uchakavu haurudishwi kirahisi.

Ndiyo maana mnunuzi mzoefu huanzia mlango wa pembeni. Noah za awali, SR40 na SR50 zilizotoka kati ya 1996 na 2001, zina mlango huo upande wa kushoto tu. AZR60 iliyofuata ikawa nao pande zote mbili. Gari lililofanya biashara hufunguliwa na kubamizwa kituo baada ya kituo, na reli hulipia. Mlango mzima huteleza kwa mkono mmoja na kufunga bila kubamizwa. Afungue nusu, ashike ukingo wa nyuma na kuunyanyua: ukicheza juu na chini, vigurudumu vimekwisha. Kisha atazame kizingiti kilivyolika, matundu ya bolti sakafuni palipofungwa siti ya ziada, na raba ya pedali ya breki. Raba iliyolika hadi chuma kuonekana haipatani na dashibodi inayodai kilomita 70,000.

Mkanda wa siti nao uvutwe hadi mwisho. Mstari wa tope kwenye sehemu iliyojificha unaashiria gari liliwahi kuingia maji, hata kama kapeti ni jipya.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi, hivyo muuzaji aombwe asiiwashe kabla mnunuzi hajafika. Kwenye SR50 injini iko chini ya siti za mbele, siti zinyanyuliwe. Injini hiyo ya petroli, 3S-FE, hutumia mkanda wa taiming unaobadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na asiyejua ulibadilishwa lini aweke gharama hiyo kwenye hesabu yake. AZR60 ina 1AZ-FSE, maarufu kama D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa kuwa petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa, haizioshi, na masizi hujijenga hapo. Gari likitetemeka na kutaka kuzima likiwa limesimama, sababu mojawapo ni hiyo. ZRR70 ya kuanzia 2007 ina 3ZR ya cheni.

Kifuniko cha rejeta nacho kifunguliwe kabla injini haijapata moto. Maji yenye rangi ya kutu yanasema mwenyewe alijaza maji ya bomba badala ya kulenti. Utando wa oili juu ya maji, au ute mweupe mzito chini ya kifuniko cha oili, ni dalili ya kuungua kwa gasketi ya silinda hedi.

ZRR70 hutumia gia boksi ya CVT, na hapa ndipo wengi huumia. CVT inataka oili yake maalumu. Ikiwekewa ya gia boksi ya kawaida ya otomatiki, inaharibika. Gari lipandishwe mlima taratibu. Likitikisika linapoanza kuondoka, au injini ikipandisha sauti bila mwendo kuongezeka, mnunuzi atakuwa anajadili bei ya gia boksi pia.

Jaribio hilo lisifanywe na watu wawili. Gari la watu wanane lijazwe, kiyoyozi kiwashwe, na macho yabaki kwenye mshale au taa ya joto. Noah inayopoa vizuri mjini ikiwa tupu inaweza kuchemsha ikibeba familia nzima na mizigo kwenye mlima Kitonga.

Taa ya injini nayo ina ushahidi wake. Ufunguo ukizungushwa kabla ya kuwasha, taa hiyo lazima iwake; injini ikishaunguruma, izime. Isipowaka kabisa, huenda imezimwa makusudi ili kuficha hitilafu, na kupima kwa kompyuta hakuepukiki.

Kwa gari lililotoka Japani karibuni, karatasi ya mnada iombwe pamoja na cheti cha kusafirishia gari, na kilomita za nyaraka hizo zilinganishwe na dashibodi. Kwenye karatasi ya mnada, daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri. R ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, XX ni sehemu iliyokwisha kubadilishwa. Mwisho, namba ya chasisi isomwe kwenye chuma chenyewe na kulinganishwa na kadi, tarakimu kwa tarakimu, kabla hela haijatoka mfukoni.