Mandhari na Kinaya katika Red Dead Redemption

Mchezo huu wa video, uliotolewa na Rockstar Games mwaka 2010, unasawiri mpaka wa Marekani na Mexico mnamo 1911. Nyika pana na machweo mekundu humwahidi mchezaji uhuru: aweza kupanda farasi na kwenda atakako. Msuko, hata hivyo, unaikana ahadi hiyo. John Marston, jambazi aliyeacha ujambazi, analazimishwa na maafisa wa serikali kuwasaka wenzake wa zamani ili arejeshewe mkewe na mwanawe. Anatimiza sharti, kisha wanajeshi wanamwua mbele ya banda lake. Mchezaji hufyatua risasi, lakini ushindi haupo. Mwaka 1914 mwanawe, Jack, aweza kulipiza kisasi, au asilipize. Hapa ndipo penye kinaya kikuu: uhuru wa kweli wa kuamua unapatikana tu katika kitendo ambacho baba alitaka kumwepusha nacho mwanawe.