OLED Ilivyoshuka Kutoka Ukutani Hadi Mezani

Machi 2022, Alienware, jina ambalo Dell hulitumia kwa vifaa vya wacheza gemu, ilianza kuuza monita ya inchi 34 iitwayo AW3423DW kwa dola 1,299 za Marekani. Ilikuwa monita ya kwanza ya gemu yenye kioo cha QD-OLED kutoka Samsung Display. Kabla yake, wengi waliotaka weusi wa OLED kwenye kompyuta ya mezani walinunua televisheni, mara nyingi LG CX ya inchi 48 ya mwaka 2020, wakaiweka mezani na kusogeza kiti nyuma. Nimeichagua monita hii kwa sababu karibu kila uzuri na kila udhaifu wa monita za OLED zinazouzwa leo ulionekana ndani yake tangu ilipotoka. Wanunuzi wengi bado wanafuata namba za kwenye boksi, ilhali kinachoamua kama utafurahia kioo cha aina hii ni chumba unachokaa na kazi unayoifanya mchana.

LCD ina taa nyuma ya kioo, na fuwele zilizo mbele yake hufungua au kuziba njia ya mwanga. Haziwezi kuziba wote, ndiyo maana pango la giza kwenye gemu huonekana la kijivu ukicheza usiku. OLED haina taa ya nyuma. Kila pikseli hujiwakia yenyewe, na ikizimwa imezimwa kabisa. Elimu hii si mpya: Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak waliichapisha mwaka 1987. Kazi ngumu ilikuwa kupata mwangaza wa kutosha bila kukiua kioo mapema.

LG Display walianza na mwanga mweupe unaopitishwa kwenye vichujio vya rangi, wakaongeza kitaa cha nne, cheupe, kando ya vile vya nyekundu, kijani na bluu, ili kupandisha mwangaza. Njia hiyo inafanya kazi, ila rangi inapotakiwa kuwaka sana hupauka kidogo, kwa kuwa sehemu ya mwangaza wake ni weupe mtupu. Samsung wakaja na njia tofauti, QD-OLED. Walitandaza tabaka zinazotoa mwanga wa bluu, na mbele yake wakaweka nukta za kwantamu, chembe ndogo mno zinazopokea bluu na kuitoa ikiwa nyekundu au kijani. Bluu yenyewe hupita kama ilivyo. Matokeo yake, nyekundu ya QD-OLED hubaki nyekundu hata inapowaka kwa nguvu, na kwa hili nawapa heko wahandisi wake bila kusita.

Ili mwanga usipotee, Samsung waliondoa pia polaraiza, utando wa mbele ambao kwa kawaida humeza mwanga unaotoka chumbani. Uamuzi huo una gharama. Ukifungua dirisha mchana au ukiwasha taa inayokielekea kioo, weusi uliolipia hugeuka kijivu chenye uzambarau. Usiku LCD haiifikii monita hii kwa kina cha giza, lakini anayekaa Dar es Salaam au Mombasa na kuacha madirisha wazi ili apate upepo atakosa nusu ya raha hiyo hadi jua lizame. Mwangaza nao una mipaka. AW3423DW hufika niti 1,000 kwenye eneo dogo, mfano mwale wa risasi au jua la mbali, lakini ukurasa mweupe ukijaza kioo chote hushuka hadi niti 250 hivi. Monita haijaharibika, inajizuia ili isile umeme kupita kiasi na kupata joto.

Kuna jambo jingine ambalo ni nadra kulisikia dukani. Kwenye LCD nyingi, vijisehemu vya rangi ndani ya pikseli hupangwa mstari mmoja: nyekundu, kijani, bluu. Programu ya Windows inayolainisha herufi inategemea mpangilio huo. Samsung waliviweka pembetatu, kijani juu, nyekundu na bluu chini. Fungua dirisha jeupe juu ya usuli mweusi, kisha sogeza macho karibu na ukingo wake wa juu: utaona uzi mwembamba wa kijani. Shuka hadi ukingo wa chini, utakuta uzi wa waridi iliyokolea. Kwenye gemu huoni kitu, lakini kwenye jedwali lenye herufi ndogo macho huchoka. Monita hii ina pikseli 110 hivi kwa kila inchi, ndiyo maana uzi unaonekana. Vioo vya inchi 32 vya 4K vilivyotoka mwaka 2024, kama AW3225QF ya Alienware na MPG 321URX ya MSI, vina karibu 140, na kasoro hiyo imepungua kiasi cha kuvumilika. Kwa mtu anayeandika au kukagua hesabu mchana kutwa, hatua hiyo kutoka 110 hadi 140 ina faida kubwa kuliko kasi ya kioo kupanda kutoka 175 Hz hadi 240 Hz.

Tukiwa kwenye kasi: matangazo husema milisekunde 0.03, na ni kweli kwamba pikseli ya OLED hubadilika karibu papo hapo. Lakini ukungu wa kitu kinachokimbia hausababishwi na pikseli peke yake. Fremu inapokaa kwenye kioo huku jicho likiendelea kukifuata kitu, picha huburuzika machoni. Kitu kinachopita pikseli 960 kwa sekunde huacha mburuzo wa pikseli 16 kwenye 60 Hz, na pikseli 4 tu kwenye 240 Hz. Anayenunua kioo cha 240 Hz huku kadi yake ya grafiki ikitoa fremu 60 amelipia weusi na rangi. Kasi bado hajaipata. Na ukiona vivuli vya kijivu vinametameta katika gemu ambayo fremu zake hupanda na kushuka ghafla, chanzo ni kioo kubadilisha kasi kuifuata kadi. Weka kikomo cha fremu ambacho kadi inakimudu, au zima mfumo huo wa kubadilisha kasi kwenye gemu hiyo tu.

Sasa hofu kubwa, kuungua kwa kioo. Kila kitaa cha OLED hupoteza nguvu kadiri kinavyowaka, na cha bluu huchoka upesi zaidi. Kioo kikichoka sawasawa huoni tofauti. Balaa huja pale mstari wa ikoni chini ya Windows unapokaa mahali pamoja miezi na miezi: eneo hilo huzeeka mbele ya mengine, na alama yake hubaki hata ukifungua picha nyingine. Hardware Unboxed, wakaguzi wa vifaa wa Australia, waliitumia 321URX makusudi kama monita ya ofisi bila kuibembeleza. Alama iliyojitokeza mapema ilikuwa mstari hafifu katikati ya kioo, pale madirisha mawili yalipokuwa yakipakana kila siku.

Watengenezaji wamelijibu hili kwa matengenezo ya ndani. Kwenye AW3423DW, baada ya saa 4 za matumizi, monita huomba dakika chache za kusawazisha pikseli, na baada ya saa 1,500 hufanya usawazishaji mrefu wa karibu saa nzima. Kazi hiyo hufanyika monita ikiwa imelala huku umeme ukiendelea kuingia. Wengi wetu tumezoea kuzima kila kitu ukutani usiku, kwa kuogopa umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu. Kwa LCD haina neno. Kwa OLED ni kuinyima tiba yake. Nunua UPS au kifaa cha kuzuia umeme mkubwa, zima kompyuta, uache monita imalize, ndipo uchomoe ukitaka.

Mengine ni mazoea. Ficha mstari wa ikoni, weka usuli mweusi, kioo kizime baada ya dakika 5 za kutoguswa, na kwa kazi za kawaida kwenye chumba chenye kivuli punguza mwangaza hadi niti 120 au 150. Usiupandishe bila sababu, kwani ukiuongeza mara mbili umri wa vitaa hupungua kwa zaidi ya nusu. Joto nalo huvizeesha, kwa hiyo usiibane monita ukutani mahali pasipopita hewa. Uso wa QD-OLED huchubuka kirahisi: futa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kamwe usitumie tishu kavu.

Dell walitoa waranti ya miaka 3 inayotaja kuungua kwa kioo tangu mwanzo, na mwaka 2024 ASUS na MSI nao wakatangaza ulinzi wa namna hiyo. Ukiagiza kutoka Dubai au Marekani, uliza kabla ya kulipa kama waranti inatambuliwa nchini kwako.

Kwa hiyo, kama siku yako ni saa nane za majedwali karibu na dirisha, nunua LCD nzuri na fedha inayobaki iweke kwenye kadi ya grafiki. Kama chumba chako kina mwanga lakini moyo uko kwenye OLED, tazama kioo cha LG kisichong'aa, kama 32GS95UE, ambacho weusi wake hauharibiwi na taa ya chumbani kama ule wa QD-OLED. Na kama unacheza usiku, taa zikiwa chini, chukua QD-OLED ya inchi 32 ya 4K, hakikisha kuungua kumetajwa kwa maandishi kwenye waranti, na uitunze risiti.